Ziwa la Sufi

Bangili ilipakwa sabuni ya mche, ikapakwa mafuta ya nazi, ikapakwa samli ya Pemba, na bado ilikataa kutoka. Ilibaki kukamuliwa ndimu na kutiwa pilipili tu, iliwe.

"Vuta, Khairat! Unaogopa nini? Mkono hauchomoki."

"Bibi, anaumia."

"Kuumia kitu gani? Mie bangili hizo nilizivaa siku ya harusi yangu na jipu ninalo hapa, na nikacheka mpaka watu wakanionea haya."

Bi Mwanakhamis alisema hayo akiwa amekaa juu ya kitanda cha ukumbini, miguu haifiki chini. Chini yake, juu ya kigoda, alikaa mkwewe Mwatima, ameuma ncha ya kanga, mkono wa kulia ameunyoosha juu ya mapaja ya mwanawe, Khairat. Mkono wenyewe, kuanzia kiwiko kushuka, ulikuwa umejaa na kung'aa kama muhogo uliolala kwenye maji. Vidole vilinenepa kama ndizi za kisukari. Katikati ya unene huo bangili ya dhahabu ilizama, hata mtu akiitazama kwa mbali angedhani ni mstari uliochorwa kwa hina.

Siku moja kabla, Jumanne, wanawake wa Mtoni walikuwa wameleta begi la bibi harusi: madera, viatu, mafuta mazuri, na gauni la kulalia ambalo Bi Mwanakhamis alilinyanyua juu ili kila mtu alione kisha akasema astaghfirullah. Harusi ya Khairat na Ismail ilikuwa imebakisha siku kumi. Kwa heshima ya ugeni, Bi Mwanakhamis alitoa bangili zake mbili, pacha, akamvisha mkwewe moja mkono huu na moja mkono ule. Ya kushoto iliingia kama inakwenda kwao. Ya kulia ilisukumwa kwa sabuni. Bi Amne, shangazi yake bwana harusi, mwanamke ambaye Mtoni hakuna posa inayopita bila ya yeye kukohoa, alizitazama bangili zile akasema, "Mashaallah, pacha hizi. Ndizo atakazovaa bibi harusi?" Akaambiwa ndizo. Jioni ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikakaa.

Khairat aliuacha mkono, akaenda jikoni, akarudi na mkebe wa ufuta. Akatia mkono ndani ya ufuta akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Imeandikwa hapa, bibi. Nasoma. Mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji usichomwe sindano. Usipimwe presha. Usibebe ndoo wala mzigo mzito. Usiungue moto. Usichanjwe, usichubuke, usiumwe na wadudu. Usivalishwe kitu cha kubana. Ukivimba au kuwa wa moto, njoo haraka."

"Na usikwaruzwe na paka, hawakuandika?" alisema Bi Mwanakhamis. "Basi huyo angewekwa kabatini pamoja na sahani zangu za Kichina. Rudisha ufutani, haraka, kabla hajapanda mtu ngazi."

*

Ndivyo nyumba ile ya Kajificheni ilivyokwenda mwaka mmoja na nusu. Mwatima alikatwa ziwa la kulia huko Dar, akatolewa na tezi za kwapani, akapigwa mionzi mpaka ngozi ikawa rangi ya biringani. Mtaa uliambiwa kuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Dada mwenyewe hakuambiwa kuwa anaumwa, akakutana na mtu wa Unguja sokoni akapewa pole, akaogopa wiki nzima.

Amri ya kunyamaza ilitolewa na Bi Mwanakhamis, na haikuwa amri ya ubaya. Aliijua dunia yake. "Mtu akiposa hatazami mtoto, anatazama mama," alisema. "Wakisikia saratani watasema ipo damuni. Nani atakuja tena hapa na begi?" Na kwa kuwa mgonjwa hukonda, yeye alihakikisha kuwa mkwewe hakondi. Kila asubuhi bokoboko, kila usiku uji wa samli. Mwatima akanenepa, watu wakamsifu, na mkono nao ukasikia sifa ukanenepa zaidi.

Pahala pa ziwa Khairat alishona jengine. Kitambaa alikipata katika vipande vya baba yake, fundi cherehani, na sufi aliichomoa kwenye mto. Lilikuwa ziwa zuri la maua mekundu, ila halikuwa na adabu. Mwatima akiinama kuoka mikate, lilihamia kwapani. Siku ya hitima moja lilipanda mpaka begani, akalaza kichwa upande mpaka dua ikaisha, na wanawake wakampa pole ya shingo na dawa tatu tofauti.

Na mikate haikuacha kuokwa. Mwatima alikuwa muokaji wa mikate ya ufuta, mkono wake wa kulia ndio duka lake. Alibandika unga juu ya kikaango cha chuma, akakishika mpini, akakipindua uso chini juu ya makaa mpaka ufuta ukapiga wekundu. Mikate sitini kwa siku, mkono ukipepewa na moto kama mshikaki. Karatasi ilisema usiungue. Haikusema watu wale nini.

*

Masoud alirudi mchana, akavua viatu mlangoni, akautazama mkono wa mkewe, na bila ya kusema kitu akaivua futi yake ya cherehani shingoni.

Alikuwa ana desturi hiyo tangu Dar. Muuguzi alimwambia, wewe fundi, basi kazi yako ni hii: kila jioni pima mikono yote miwili, pahala pale pale, ukiona tofauti mlete. Masoud hakukosa jioni hata moja. Nyuma ya mlango wa chumbani kulikuwa na safu mbili za namba kwa chaki, kulia na kushoto. Mwezi wa kwanza namba zilikwenda sawa kama maharusi. Miezi mitatu nyuma, ya kulia ilianza kuitangulia mwenziwe. Nusu inchi. Robo tatu. Inchi nzima. Masoud aliandika yote, kwa hati nzuri, na hakumpeleka pahala, maana ile kliniki ipo barabarani na nani asiyepita barabarani.

"Kumi na mbili," alisema sasa. "Wa kushoto kumi. Mama, daktari alisema..."

"Daktari alikunyonyesha?"

Masoud akaanza kuikunja futi yake.

"Ikatwe kwa sonara, bibi," alisema Khairat. "Leo hii. Kisha twende hospitali."

"Ikatwe? Bi Amne kaziona jana mbele ya watu ishirini! Siku ya harusi uvae moja, nyingine tuseme kaimeza paka? Na dhahabu ya harusi haikatwi kabla ya harusi, mkosi huo, hata Banyani anajua." Bi Mwanakhamis alishuka kitandani. "Huo mkono una damu mbovu imesimama. Dawa yake ni kuumikwa. Bi Nassra wa Mtoni akimpiga pembe tatu tu, mkono utasinyaa, bangili itatoka yenyewe, na sote tutakwenda harusini."

Khairat alimtazama baba yake. Baba yake aliitazama futi. Mwatima akaona kuwa hakuna wa kumtazama yeye, akasimama akatafuta buibui.

Alikwenda kwa nini? Mtu angeweza kumuuliza, na yeye angeweza kujibu: siku kumi. Alikwishavumilia miezi kumi na minane. Siku kumi kitu gani.

*

Bi Nassra hakuwa mshenzi. Alikuwa na chumba kilichofagiliwa, mkeka mpya, pembe za ng'ombe zilizopangwa kwa ukubwa, na nyembe ambazo alizifungua karatasi mbele ya mgonjwa. "Mie si wa zamani," alisema. "Wembe mtu mmoja, kisha jaani."

Akauchukua mkono wa Mwatima akaugeuza kama mtu anayetaka kununua samaki. Alibonyeza kwa dole gumba. Shimo likabaki pale, halikurudi.

"Haa. Tangu lini?"

"Juzijuzi," alijibu Bi Mwanakhamis.

"Namuuliza mwenyewe. Bi Mwatima, mie kuna watu siwaumiki. Mwenye mimba simuumiki. Mwenye sukari simuumiki. Na mtu aliyepasuliwa upande ule, huyo hata akinipa nyumba. Ulipata kuugua upande huu? Kifua, bega, kwapa?"

Swali lilikuja wazi, mchana kweupe, na jibu lake lilikuwa neno moja. Mwatima alifungua mdomo. Ukutani, juu ya kichwa cha Bi Nassra, palikuwa na picha ya wanawake wa maulidi, wote kanga za sare, na katikati yao, ameshika kitabu, amekaa Bi Amne.

"Hajaugua hata mafua," alisema Bi Mwanakhamis.

Bi Nassra aliendelea kumtazama mgonjwa mwenyewe. Mwatima akafumba mdomo, akatikisa kichwa.

Wembe ukapita mara kumi na moja. Pembe zikabandikwa, Bi Nassra akavuta hewa kwa mdomo akaziba kwa nta. Kilichotoka kwanza kilikuwa damu kidogo, kisha yakaja maji ya njano hafifu, yakaendelea kutoka hata baada ya pembe kutolewa, yakalowesha kitambaa, yakalowesha mkeka.

"Ajabu," alisema Bi Nassra, na sauti yake ilishuka. "Mkono huu hauna damu. Una maji. Nendeni, sitaki malipo."

Njiani Bi Mwanakhamis alifurahi sana kwa hilo la kutolipa.

*

Ijumaa asubuhi Mwatima alitetemeka mbele ya seredani yenye moto. Meno yalikuwa yakigongana. Aliupindua mkate wa kwanza, akaushindwa, ukaanguka kwenye makaa. Wateja wawili walicheka. Wa tatu alimtazama usoni akaondoka na bakuli lake tupu kwenda kumwita Khairat.

Walipomfunua mkono ulikuwa mwekundu na wa moto, chale kumi na moja zimefura kama midomo, na mstari mwekundu umepanda kutoka kiwikoni kwenda kwapani. Ncha za vidole zilikuwa za buluu. Masoud alipima, akapima tena kwa kuwa hakuamini.

"Kumi na tatu na nusu."

"Mpe panadoli," alisema Bi Mwanakhamis, lakini safari hii alisema polepole.

"Mama," alisema Masoud.

Watu wote wakageuka. Neno lile walilizoea, ila sauti hawakuizoea.

"Nnampeleka. Kwa sonara kwanza, vidole vinakufa. Kisha hospitali. Na wewe ukitaka kuja njoo, ukitaka kubaki baki."

Bi Mwanakhamis alikuja. Bangili ilikuwa yake, hakuwa tayari kuiacha itembee peke yake.

*

Duka la sonara Vinod lilikuwa Sokomuhogo, upana wa mlango mmoja, na ndani mlikuwa na mteja mmoja tu. Mungu akitaka kukuumbua hana haja ya umati. Mteja alikuwa Bi Amne, amekuja kuchukua vipuli vya bibi harusi vilivyokuwa vikisuguliwa.

"Shikamoo, Bi Amne," alisema Masoud, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekutwa ndani ya nyumba si yake.

"Marahaba. Kwema? Mbona mama wa harusi yuko hivi?"

"Kaumwa na nyuki," alisema Bi Mwanakhamis.

Khairat alimkalisha mama yake juu ya kiti. Mkono wa buibui haukupanda, Masoud akaupasua kwa mkasi wake mpaka begani. Sonara alivaa miwani, akaigusa bangili kwa kucha.

"Kazi ya baba yangu hii," alisema. "Nene. Zamani watu walikuwa wakipima dhahabu, hawapimi mkono. Nitapitisha kibati hapa chini, juu yake msumeno. Pamebana sana. Nikikuchubua kidogo utanisamehe, mama, haina budi."

Aliuvuta mkono juu ya meza. Mwatima akainama mbele pamoja nao. Asubuhi ile hakuweza kufunga sidiria kwa mkono mmoja, alijitia tu kitu chake ndani ya kanga na kuifunga kwa juu. Kanga ikalegea. Ziwa la sufi likashuka taratibu, likapita tumboni, likatoka chini ya dera, likabingirika sakafuni mpaka kwenye kiatu cha Bi Amne, likasimama hapo.

Bi Amne aliinama akaliokota. "Nini hiki?"

"Mto wa sindano," alisema Bi Mwanakhamis kabla swali halijakwisha. "Si unajua mwanangu fundi. Sindano zake zote anazichoma humo."

Bi Amne aliligeuza. Akalibonyeza. "Mbona halina hata tundu moja la sindano?"

Masoud, mwenye sindano, alikuwa akitazama feni. Khairat aliuma mdomo mpaka ukapauka. Sonara, ambaye kazi yake ni kuona vidogo na kutosema vikubwa, alikwishaingiza kibati baina ya dhahabu na nyama, akaunyanyua msumeno.

"Ngoja," alisema Mwatima.

"Tulia, mkwe wangu," alisema Bi Mwanakhamis. "Dakika moja tu. Tulia."

"Ngoja, Bwana Vinod. Mkono huu hautakiwi kuchubuka. Hata kidogo. Juzi nimechanjwa na ndiyo haya unayoyaona." Homa ilikuwa imemfanya macho yawe makubwa. "Nilikatwa ziwa la upande huu. Nikatolewa tezi za kwapani, nikachomwa mionzi. Maji ya mkono hayana pa kupita, na kidonda kikiingia hakina wa kukizuia. Kata, lakini kata kama unakata kope ya jicho langu." Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. "Na hilo ni langu, Bi Amne. Naomba unipe."

Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza visu.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Amne.

"Mwaka juzi."

"Na mtoto wenu mlikuwa mtuletee hivyo hivyo, tukijua wenyewe baadaye?"

Bi Amne aliliweka ziwa juu ya kiganja cha Mwatima, polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani. Akajifunga buibui, akatoka.

"Vipuli vyako, bibi!" aliita sonara.

Hakugeuka.

Msumeno ulikwenda robo saa nzima. Sonara alitoka jasho, Mwatima hakutoa sauti, na ngozi haikuguswa. Bangili ilipofunguka alama yake ilibaki mkononi kama mtaro. Bi Mwanakhamis aliikusanya bangili kwenye leso, akafunga fundo, kisha akafunga jengine.

"Ungenyamaza," alimwambia mkwewe mlangoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa karibu kulia. "Ilikuwa dakika moja tu."

*

Hospitali daktari alikuwa msichana wa miaka kama ya Khairat, na hakuwa na wakati wa kupamba maneno.

"Nani kauchanja mkono huu?"

Walimwambia.

"Mlimwambia alifanyiwa nini?"

Wakamwambia hawakumwambia.

Akachukua mkono wa kushoto, akatafuta mshipa huko, akafunga dripu ya dawa. Alizungumza huku akifanya. "Mnajua masika mitaro ikiziba maji yanafanya nini? Yanapanda majumbani. Zile tezi za kwapani ndizo zilizokuwa mitaro ya mkono huu. Zimetolewa, zilizobaki mionzi imezikausha. Aliyefanyiwa vyote viwili anaweza kuvimba hata baada ya miaka. Unene unazidisha. Joto la moto wa makaa linazidisha. Kuunyanyulisha mizigo ghafla, kuubana, kuujeruhi, yote yanazidisha. Sasa viini vimeingia. Mngelala nayo leo, kesho yangekuwa damuni, na hapo mngeniletea mtu wa kuswaliwa."

Bi Mwanakhamis, kwa neno lile la unene, alikifunika kibakuli cha bokoboko alichokuja nacho akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Ulianza lini kuvimba?"

"Miezi mitatu," alisema Masoud. "Mwezi wa kwanza nusu inchi. Wa pili robo tatu. Juzi..."

"Unajuaje?"

"Nnapima kila jioni. Nnaandika."

Daktari alimtazama. "Ulipoona nusu inchi ungemleta, tungeufunga bendeji, tungemfundisha kuukanda na kuufanyisha mazoezi, ungeweza kurudi. Ulikuwa unampimia nini, bwana? Gauni?"

Masoud aliinamisha kichwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifanya wamelala. Aliishika ile futi shingoni kama mtu aliyegundua kuwa amevaa kamba.

"Utarudi?" aliuliza Mwatima. "Mkono wangu."

"Homa itaondoka, inshaallah. Mkono utapungua. Kama zamani, hapana. Utaishi nao na utautunza kama mtoto mchanga. Na usikae mbele ya makaa tena."

"Na mikate?"

Daktari hakuwa na karatasi ya hilo.

Siku ya tatu simu ya Masoud ililia. Alisikiliza sana, akasema naam mara nyingi, akasema sawa, akasema wasalimie. Akarudi kitandani akakaa.

"Wanasema harusi isogezwe. Mpaka mwezi wa Mfunguo Nne."

"Wa mwaka gani?" aliuliza Khairat.

"Hawakutaja."

Khairat alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Kisha akachukua beseni, akaanza kuuosha mkono wa mama yake kwa maji ya uvuguvugu, kidole kimoja kimoja, akakausha katikati ya vidole kama alivyofundishwa. Alilia kuanzia kidole cha tatu, akaendelea kuosha.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nyamaza, mama." Akasita. "Hapana. Usinyamaze tena."

*

Begi halikuja kuchukuliwa. Lilikaa juu ya kabati wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, na gauni lake la kulalia ndani, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyepandisha macho huko. Bi Mwanakhamis aliiweka bangili iliyokatwa chini ya mto wake, na alipoulizwa kama haipelekwi kuungwa, alisema sonara ana kazi nyingi.

Chini, kwenye kibaraza, seredani iliwashwa tena. Mwatima alikaa mbali na moto, mkono wa kulia umefungwa bendeji kutoka vidoleni mpaka begani, akikanda unga kwa mkono wa kushoto. Khairat ndiye aliyepindua kikaango. Mikate ilitoka sura ya ramani za nchi mbalimbali, mingine imeungua Kaskazini na mibichi Kusini. Sitini ikawa ishirini. Waliokuwa wakinunua wengine walihamia kwa muokaji wa mtaa wa pili, maana walisikia kuwa ugonjwa ule unaambukiza kwa ufuta.

Mtu akiuliza mkono una nini, Mwatima alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofani: "Nilikatwa ziwa, nikavaa bangili, nikachanjwa. Unataka mikate mingapi?" Ziwa la sufi siku nyingine alilivaa, siku nyingine alilisahau, na siku moja Masoud alikutwa amechoma sindano humo kweli.

Kisha wakaanza kuwapo wanawake wa ajabu wa kununua mkate mmoja. Wanakuja wateja wote wameondoka, wananunua mkate mmoja, wanakaa saa nzima, wanauliza habari za hali ya hewa, na wakiondoka wanasahau mkate.

Alasiri ya Jumatatu mmoja wao alikuja kutoka mbali. Alisimama uchochoroni akatazama huku na huku. Khairat alimuona kwanza, na mpini wa kikaango ukamteleza.

"Shikamoo, Bi Amne," alisema Mwatima.

"Marahaba. Nataka mkate mmoja."

"Mtoni siku hizi hakuna mikate?"

"Ipo. Ufuta wanatia mchache."

"Karibu ukae."

Bi Amne alikaa. Khairat alimpa mgongo, akaupindua mkate juu ya makaa kwa nguvu hata cheche zikaruka. Hakuna aliyetaja harusi. Bi Amne alisema jua kali. Mwatima akakubali kuwa kali. Bi Amne akasema hata hivyo jana palikuwa na wingu. Mwatima akasema palikuwa nalo.

"Ulijuaje?" alisema Bi Amne. Alikuwa akiutazama mlango wa jirani.

"Nilikuwa nnaoga, nikagusa kivimbe. Kama punje ya choroko."

"Kikiuma?"

"Hakikuuma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bi Amne. Ndiyo maana nikakiacha miezi minane. Ningejua, nisingekiacha hata wiki."

Buibui la Bi Amne mapajani lilikuwa jembamba, na chini yake vidole vilionekana vinahesabu, kimoja kimoja, kwa kugusa dole gumba. Vikafika minane. Vikaendelea.

"Khairat," alisema Mwatima. "Ipua."

"Haujaiva, mama."

"Ipua hivyo hivyo. Nipe buibui langu, na ile karatasi ya ufutani. Tukienda sasa tutamkuta daktari."

Khairat aligeuka. Alimtazama yule mwanamke, aliyekuja na begi kwa vigelegele na akaondoka dukani bila ya vipuli. Mkate ulikuwa unatoa moshi. Alisimama hivyo kitambo, kikaango mkononi, mpaka ukingo wa mkate ukaanza kuwa mweusi.

Kisha akauipua, akaumwagia moto maji.